Mwalimu Aliyesema Alirudi

Mwalimu hakuwa mtu wa foleni. Dukani kwangu Mfaranyaki, hapa Songea, siku ambazo watu wamejaa na vyeti vyao vya kutoa kopi, yeye alipita katikati yao na mwavuli wake, akaja mpaka kwenye meza yangu na kusema, "Kandida, washa mtandao." Hakuna aliyeguna. Nusu ya wale watu aliwafundisha kusoma yeye mwenyewe, na waliobaki aliwafundisha wazazi wao. Shikamoo zilitoka kila pembe, naye alizijibu zote kwa mkupuo, "Marahaba, marahaba, mmesimama vibaya," halafu akavuta stuli ya wateja na kuketi. Mimi nabaki na cheti cha watu mkononi. Nilikuwa naudhika, sitaki kudanganya. Steshenari ndiyo inayonisomeshea watoto, na Mwalimu hakuwahi kuja kwa jambo dogo.

Namwita Mwalimu kwa sababu sijawahi kusikia mtu akimwita vinginevyo. Jina analo, liko kwenye msalaba wake sasa, lakini nilipolisoma siku ya mazishi nilidhani wamekosea. Hata marehemu mume wake alikuwa akimwita kutoka uani, "Mwalimu, maji yamechemka."

Alikuwa mrefu na mkavu, na sweta lake la kijani hakulivua hata kwenye jua kali la Oktoba. Miwani aliifunga kwa uzi shingoni. Alikuwa amestaafu zamani, lakini vidole vyake vilikuwa bado vinatafuta chaki. Akikueleza jambo alichora hewani, na ukijifanya umeelewa alikuuliza, "Haya, nimeandika nini hapo?" Usiombe yakukute.

Neno lake kubwa lilikuwa, "Nani amesema?" Darasani ukisimama kushtaki kwamba fulani kaiba peni, hakuuliza huyo fulani ni yupi. "Nani amesema? Umemwona kwa macho yako? Kama hujamwona, kaa chini." Alizeeka nalo. Kwenye jumuiya yetu ya kanisa mwenyekiti alitangaza siku moja kwamba paroko anahamishwa, na Mwalimu akasimama kabla tangazo halijaisha. Mwenyekiti akajitetea kwamba ndivyo watu wanavyosema. "Watu wana majina," Mwalimu akamjibu, na yule baba wa watu akakaa. Zahanati nako, nesi alipomwambia presha iko juu, alitaka kujua mashine yenyewe ilipimwa lini mara ya mwisho. Nesi alicheka mpaka ikabidi ampime upya.

Alikuwa anatuchapa, ndiyo, tena vizuri. Lakini hakuchapa mtoto kwa kutojua. "Sijui" kwake lilikuwa jibu halali, unaambiwa ukae ujifunze. Aliyeonja fimbo ni yule aliyesema asichokijua. "Usibuni!" alikuwa akifoka, na kioo cha dirisha kinatetemeka. Mpaka leo mume wangu akiniuliza fundi atakuja lini, nasema sijui, naye anadhani namjibu jeuri.

Ukimchukulia hivyo tu utamwona mtu wa chuma, na utakuwa umekosea. Alikuwa na mambo yake. Mwanafunzi akikutwa anakula muwa barabarani alipigishwa magoti, maana alisema ni uchafu na ni tabia ya watu wasio na kwao. Halafu siku moja nikamfuma mwenyewe nyuma ya choo cha walimu, kipande cha muwa mkononi, anatafuna kama hana adui duniani. Tukaangaliana. "Kandida, unatafuta nini huku?" Nikasema sitafuti kitu, Mwalimu. "Basi nenda ukakitafute kwingine."

Na ile bustani yake, jamani. Kila mwaka, kwenye miezi ile ya mvua ambapo maghala yako matupu na mahindi mapya bado yako shambani, aliwachagua watoto fulani waende kwake baada ya masomo kupalilia bustani. Tuliwaonea huruma. Tulipokuja kuwa wakubwa ndipo tulipoambiana kwamba bustani ile haikuwa na jani la kung'oa. Waliitwa, wakazunguka zunguka na vijembe, wakagombezwa kwamba kazi yao ni mbovu, kisha wakakalishwa jikoni wakala ugali na maharage mpaka wakashindwa kunyanyuka. Waliochaguliwa walikuwa ni wale ambao nyumbani hapakuwaka moto. Hakuna mtoto aliyewahi kuambiwa kwamba anapewa chakula. Waliambiwa wamekipalilia.

Na alikuwa na kitabu chake. Kinaitwa Mluzi wa Ng'ambo. Ni riwaya ndogo ya watoto, na mwandishi wake inasemekana hakuandika nyingine. Humo mna msichana, Siwema, ambaye kaka yake ametoka nyumbani kutafuta asali na hajarudi. Siwema anamfuata porini. Kaka ana mluzi wake mmoja, wa pekee, anaoupiga akikaribia nyumbani ili mama ajue ni yeye. Siwema anapita kwa warina asali, analala mtini, anadanganywa na mzee mmoja, anaumwa na siafu. Mwishowe anafika mtoni jioni, na kutoka ng'ambo anausikia ule mluzi.

Vitabu vya shule vilikuwa vinaishia hapo. Viliunganishwa kwa pini katikati, na jalada likichanika karatasi ya nje huondoka nalo. Mbele huondoka picha, nyuma huondoka mwisho. Sisi hatukuona kasoro, maana tulipofika hapo Mwalimu alikuwa anafunga kitabu, anavua miwani, na anatueleza yaliyofuata kwa mdomo. Siwema akaujibu ule mluzi. Kaka akavuka mto. Wakashikana mikono wakaenda nyumbani, na mama yao akawachinjia jogoo. Darasa zima tulipiga makofi. Kuna watoto walilia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mimi na mdogo wangu tumeshawahi kununiana siku nzima kwa sababu ya yule jogoo. Mwaka wetu alikuwa mweupe, mwaka wao alikuwa mwekundu.

Sasa niseme habari za Osmund, kwani bila yeye hutamwelewa Mwalimu. Alikuwa mwanawe wa kwanza, kijana mcheshi, mvivu kidogo, mzuri wa sura. Aliondoka kwenda machimboni upande wa Tunduru kutafuta mawe ya vito, na baada ya hapo akavuka kwenda Msumbiji na wenzake. Alikuwa anapiga simu. Halafu akawa hapigi. Baadaye kijana mmoja wa hukohuko akapita Songea akasema shimo liliporomoka na Osmund alikuwa ndani. Mwili haukuletwa, wala hakuna aliyejua shimo lenyewe liko wapi.

Ukoo ulikuja kwa Mwalimu. Wakamwambia waweke matanga, mtu aliliwe, isomwe misa, msalaba uwekwe kwenye makaburi ya nyumbani. Mwalimu akawauliza, "Nani amesema?" Wakamtaja yule kijana. "Alimwona kwa macho?" Hakumwona, aliambiwa. "Basi kaeni chini," akawaambia watu wazima wa ukoo, na watu wazima wakakaa. Tangu hapo hapakukaliwa matanga. Kwenye sala alimtaja Osmund katika wasafiri.

Aliyeumia zaidi ni Sesilia, mdogo wake Osmund. Ameolewa Namtumbo, na kila alipopata nafasi alikuja na mkaa na mboga kumhudumia mama yake. Alimpenda kaka yake, na alikuwa hajawahi kupewa ruhusa ya kumlilia. Alikuwa akija dukani kwangu anajifanya anataka bahasha, halafu machozi yanamtoka. "Dada Kandida, mwambie mama. Wewe anakusikiliza. Nimechoka kumsubiri mtu aliyekufa. Nataka nikae chini nilie kama watu wengine." Nilimwambia Mwalimu mara moja tu. Aliniangalia, kisha akasema, "Wewe umekuwa chanzo lini?" Sikurudia tena.

Ensaiklopidia ya mtandaoni ilimfikia kwa bahati mbaya, au niseme kwa bahati nzuri, sijui. Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuja kuchapisha kurasa kuhusu vitabu vya watoto, na Mwalimu, aliyekuwa anasubiri kopi ya kitambulisho chake, akachungulia karatasi za watu. Akaona Mluzi wa Ng'ambo. Makala ilikuwa mistari miwili tu, na chini yake pameandikwa kwamba makala hii bado ni mbegu, anayejua zaidi aiongezee.

"Nani kaandika hivi?"

Nikamweleza kwamba ile ni ensaiklopidia huru, mtu yeyote anaweza kuandika.

"Mtu yeyote? Hata wewe?"

"Hata mimi, Mwalimu."

"Basi tumekwisha," akasema. Lakini kesho yake alikuwa mlangoni kabla sijafungua, na mwavuli wake, na anataka tuimwagilie hiyo mbegu.

Sijawahi kumwona ana furaha kama miezi ile. Yeye alisema, mimi nikachapa. Alitaja mpaka alama: "Siwema ni binti wa mkulima, mkato, mwenye umri wa kwenda shule, nukta. Aya mpya." Niliwahi kuongeza kwa kichwa changu kwamba ni kitabu kizuri sana. Akanifutisha. "Uzuri wake umeupima kwa nini, ratili?" Alizipenda kanuni za wale watu kuliko wao wenyewe walivyozipenda. Kila jambo liwe na chanzo kilichochapishwa, kumbukumbu ya mtu haihesabiki, maoni yako kaa nayo nyumbani. "Hawa walisoma kwangu," alikuwa akisema, na anacheka peke yake. Mwalimu mwenzake wa zamani kutoka Lusewa, kijijini alikoanzia kazi, alimpigia simu na kumpa habari tamu kabisa kuhusu mwandishi. Alimsikiliza, akamshukuru, kisha akaniambia nisiandike hata neno. Wateja walikuwa wananinunia, bando linaisha, na mimi namchapia tu. Ile mistari miwili ikawa makala ya kueleweka, na wahusika wake, dhamira zake na mandhari yake, mpaka kile kibandiko cha mbegu kikaondolewa. Siku hiyo alilinunulia duka zima soda.

Halafu tukafika kwenye muhtasari wa hadithi. Akasema niandike kwamba Siwema aliujibu mluzi, kaka yake akavuka mto, na wote wawili wakarudi nyumbani. Jogoo akamwacha. Nikaandika, nikapeleka. Sikuwa na wasiwasi wowote. Mimi na mji mzima tunajua kwamba alirudi.

Haikupita wiki, kwenye ukurasa wa majadiliano pakawa na ujumbe. Ulitoka kwa mhariri aliyejiita Korongo, sijui ni mwanamume au mwanamke, sijui yuko wapi. Aliandika kwa adabu kabisa. Alitushukuru kwa kazi, akasema hajaona makala ya kitabu cha watoto iliyotengenezwa kwa uangalifu namna ile. Ila mwisho tulioandika haumo katika nakala yake. Ameuondoa kwanza, na anaomba tumtajie ukurasa.

"Mwambie nilikifundisha kitabu hicho kabla hajazaliwa," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, hicho si chanzo."

Mwalimu aligeuka na stuli yake. "Kandida, umeota mapembe."

"Kanuni ni zako mwenyewe, Mwalimu. Tutafute kitabu kizima, tumpe ukurasa, yaishe."

Nilitegemea anigombeze. Badala yake alivua miwani akaifuta kwa sweta, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba Hanga, kwenye monasteri, kitakuwepo, watawa hawatupi kitu.

Tulikwenda Hanga, mimi na yeye. Bruda mzee anayetunza maktaba alitupokea. "Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu." "Milele amina. Natafuta kitabu cha watoto." Bruda hakuchelewa, akaja nacho kimefungwa kwa karatasi ya kaki, kizima, na jalada lake, na picha ya mbele ambayo sikuwahi kuiona maishani. Mwalimu hakuketi. Alisimama dirishani akafungua nyuma kabisa, akasoma huku midomo inacheza kama mtoto wa darasa la kwanza. Bruda akaniuliza habari za bei ya mahindi mjini, nikamjibu sijui nini.

"Mwalimu, ukurasa wa ngapi?"

Alininyooshea kitabu.

Nikasoma. Siwema anavuka mto kwa shida, na ng'ambo anamkuta mchunga mbuzi, mzee, ndiye anayepiga ule mluzi. Alifundishwa na kijana mmoja aliyelala kwake wakati wa masika. Kijana huyo alitaka kurudi kwao mto ukiwa umejaa, wakamkataza, hakusikia, na maji yakamchukua. Siwema analala kwa yule mzee, asubuhi anarudi peke yake. Akikaribia nyumbani hajui atamwambia mama nini, kwa hiyo anapiga mluzi wa kaka yake. Mama anatoka mbio, na unga mikononi, anacheka. Anamwona Siwema. Kitabu kinaishia na maneno haya: Mama akamkumbatia aliyerudi.

Niliumia. Utacheka, mtu mzima na watoto wangu, lakini niliumia kama nimepigiwa simu ya msiba. Yule kaka alikuwa wetu. Tulimpigia makofi darasani, tumewasimulia watoto wetu, na siku zote hizo alikuwa mtoni.

Nje, penye uzio wa ng'ombe, Mwalimu aliniambia. Alipofika Lusewa, mwalimu mgeni, msichana tu, vitabu vilikuwa vimeshanyofoka vyote. Alisoma na darasa mpaka penye mluzi, akafungua ukurasa, hakuna ukurasa. Mtoto mmoja wa mbele akamuuliza, "Mwalimu, alirudi?"

"Darasa zima limeniangalia, Kandida. Walikuwa watoto wa njaa wale. Ningesema sijui?"

"Ukasema alirudi."

"Nikasema alirudi. Mwaka uliofuata nao wakauliza." Alishika uzio. "Mwishoni sikukumbuka tena kwamba sikukisoma. Nilikuwa namwona anavuka. Nilikuwa naona hata maji yalipomfika."

Mtu aliyetuchapa kwa kubuni alikuwa amebuni jambo tulilolipenda kuliko yote aliyotufundisha, na nilimpenda zaidi kwa hilo, na sikujua namna ya kumwambia. Tukarudi mjini.

Baada ya hapo hakuja dukani. Mimi nikafanya ujinga wangu, nikaweka kiungo cha ile makala kwenye kundi letu la simu la waliosoma kwake, ili waone kazi ya Mwalimu. Sikusema habari za Hanga, sikuona kama ni zangu kuzisema. Lo! Wakaona mwisho umeondolewa. Watu wazima, wengine wako Dar, wengine Mbeya, mmoja ni hakimu, wakaivamia ile makala. ALIRUDI, wakaandika. Korongo akaondoa. Mwingine akarudisha, na jogoo mweupe juu yake. Akaja mwingine akambadilisha jogoo kuwa mwekundu, wakaanza kugombana wao kwa wao. Mwishowe makala ikafungwa, ikawekewa tangazo kwamba ina mgogoro na kwamba isipopata chanzo sehemu ile nzima itafutwa. Korongo akaniandikia tena. Alisema anaweza kuandika mwisho yeye mwenyewe, kitabu anacho, lakini angependa uandikwe na yule aliyeianza kazi. Atangoja.

Nilimpelekea Mwalimu maneno hayo nyumbani. Akasema amesikia. Nikamuuliza nijibu nini. Akasema, "Mwambie mtu hawezi kuandika akiwa na mikono miwili tu," jambo ambalo mpaka leo sijalielewa, na sikumwambia Korongo.

Miguu yake ilianza kuvimba, na kupumua kukawa kazi. Ukoo ukaja tena, safari hii baba mdogo wa Osmund akiongoza, wakasema Mwalimu hawezi kuondoka duniani na jambo hili limening'inia, nani atamlilia mtoto baada yake? Akawafukuza akiwa kitandani. Sesilia alihamia pale kumuuguza. Alikuwa amekonda. Alimwogesha mama yake, alimlisha, na kila jioni walisali pamoja, na ilipofika sehemu ya wasafiri Sesilia alikuwa ananyamaza na kumwacha mama yake amtaje Osmund peke yake.

Mara ya mwisho niliyokaa naye vizuri ilikuwa mchana, jua liko wazi. Alimtuma mtoto wa jirani aniite, nije na kompyuta. Nilimkuta ameegemezwa mito, sweta limefungwa mpaka shingoni. Sesilia alikuwa mlangoni anachagua maharage kwenye ungo.

"Imefunguliwa ile makala?"

Nikasema Korongo amenifungulia mimi peke yangu, niandike tukiwa tayari.

"Andika. Siwema alikuta kwamba aliyepiga mluzi ni mchunga mbuzi, nukta." Akapumzika. "Kaka yake alichukuliwa na mto, nukta." Akapumzika tena, muda mrefu, nikadhani amesinzia. "Siwema alirudi nyumbani peke yake. Weka ukurasa, ninyi mnaopenda ukurasa."

Nikaweka ukurasa. Nikamuuliza, "Mwalimu, niipeleke?"

"Ipeleke."

Nikabonyeza. Hakuna kilichotokea, ni herufi tu kwenye kioo. Alitaka nimsomee jinsi inavyoonekana, nikamsomea, na sauti yangu ikanikatikia kwenye lile neno "peke yake." Hakunigombeza. Aliangalia mlangoni.

"Sesilia."

"Abee, mama."

"Nenda kwa baba yako mdogo. Mwambie waje tukae matanga ya kaka yako."

Nilimtazama Sesilia. Mtu huyu alikuwa amelia dukani kwangu, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya sentensi hiyo. Alisimama na ungo mikononi, akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi, na uso wake ukawa wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Mama, tusubiri kidogo," akasema.

"Tusubiri nini?"

"Mavuno. Watu watakuja wengi, tutawalisha nini sasa hivi? Tuvune kwanza. Na huko Msumbiji siku hizi mitandao haishiki, mama. Watu wengi hawapatikani kwenye simu. Shemeji yangu mwenyewe alikaa kimya na akaja kutokea. Tusubiri tu mpaka mavuno."

"Sesilia, mwanangu."

"Ni mavuno tu, mama."

Mwalimu alijisukuma kwenye mito mpaka akakaa. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa mkono. "Kaka yako amekufa," akamwambia. "Nilijua tangu alipoacha kupiga simu. Sikutaka kukuambia."

Ungo ulidondoka. Sesilia alipiga yowe ambalo sijasikia tena jingine kama hilo, akaanguka pale mlangoni, akamwita kaka yake kwa jina lake la utotoni. Mimi, sijui kwa nini, nikapiga magoti nikaanza kuokota maharage, moja moja, siwezi kuona vizuri kwa machozi. Mwalimu alishusha miguu yake iliyovimba, akatambaa kutoka kitandani mpaka mlangoni, akamchukua binti yake kifuani.

Mtaani kwetu yowe likisikika watu hawaulizi kwanza, wanakuja. Jirani wa kwanza alifika akijifunga khanga kiunoni, na wengine nyuma yake. Walidhani ni Mwalimu. Walipomwona yuko hai, amekaa sakafuni, walisimama uani wamechanganyikiwa, na yule wa mbele akauliza ni nani aliyefariki.

"Ni Osmund," Mwalimu akasema.

Hakuna aliyemuuliza amesikia kwa nani. Walivua viatu, wakaingia, wakakaa chini.